Jina Asilolitamka Sairakan

Miaka kumi na tisa Sairakan amekuwa jirani yangu, na hajaniita kwa jina hata mara moja. Mimi naitwa Jolchu, na bahati mbaya shemeji yake mkubwa, kaka wa marehemu mumewe, naye aliitwa Jolchu. Bondeni kwetu mwanamke aliyeolewa hatamki majina ya wakubwa wa ukweni: si la baba mkwe, si la kaka wa mume, wala la mtu baki aliyetokea kuitwa kama wao. Kwa hiyo mimi kwake ni Mwalimu tu. Siku moja alitaka kuniita kutoka ng'ambo ya mto, nami nilikuwa nimesimama na walimu wenzangu wawili. Akaita "Mwalimu Mwenye Paa Bovu," na wenzangu wananiita hivyo mpaka leo.

Wasichana wa siku hizi wameiacha desturi hiyo, lakini Sairakan akishika jambo haliachi. Kwa miaka thelathini na moja alifanya kazi kwenye kituo cha hali ya hewa kule juu mlimani, akisoma vipimo mara tatu kwa siku na kuviandika daftarini: baridi, upepo, kina cha theluji. Wanasema siku aliyomzaa Taalai, mwanawe wa pekee, alisoma vipimo vya asubuhi, akajifungua, na vya jioni akamtuma mumewe. Mume akaviandika kwa mwandiko mbaya, akarudishwa kwenye baridi akaviandike upya.

Taalai alipokua alikwenda Urusi kujenga maghorofa, kama nusu ya vijana wetu. Akaoa hukohuko msichana wa kwetu, Nurzat, wakapata binti, Aidai. Kila siku ya mapumziko alimtumia mama yake ujumbe wa sauti. Mtoto alipokuwa na miaka miwili jukwaa la ujenzi lilikatika, Taalai akaanguka kutoka ghorofa ya tisa. Tulimzika mwezi wa Machi. Ardhi ilikuwa bado imeganda, tukachimba kwa sululu kwa zamu, na mimi nilikuwa mmoja wa wachimbaji.

Kwenye simu ya mama zikabaki sauti thelathini na nane. Sairakan alitaka mjukuu wake amjue baba kwa sauti, maana kwa sura mtoto alikuwa ameshaanza kumsahau. Lakini Nurzat, aliyebaki Urusi akifanya kazi ya kushona, alimwomba asizitume kwenye simu yake. Alisema akiwa nazo mfukoni anazifungua kazini, na siku yote inaharibika. Ziwekwe mahali, ili Aidai akimtaka baba yake, waende.

Basi mwaka uliofuata Sairakan akaja kwangu shuleni, ninakofundisha kompyuta, na mfuko wa vijibini vikavu vya chumvi mkononi. Akaketi kwenye dawati la mbele kama mwanafunzi.

"Mwalimu," akasema, "mtu anajengaje mahali?"

Nilimweleza kwamba anachotaka ni tovuti, na tovuti hukaa kwenye seva. Nikamwambia kuna makampuni yanayokodisha nafasi. Hakutaka kusikia. Mwanawe ameshakaa vya kutosha kwenye nyumba za watu, alisema, sauti yake itakaa nyumbani. Kulikuwa na kompyuta kuukuu ya shule iliyongoja kutupwa, nikaipakia kwenye mkokoteni. Tukaiweka ghalani kwake, kati ya magunia ya viazi na tandiko la farasi la marehemu mumewe. Kwa baridi ya ghala lile, mashine haikuhitaji feni.

Hapo yakaanza maswali. Lazima nikiri jambo ambalo sijivunii: maswali yale niliyapeleka kwenye chumba cha walimu, tukayacheka. Aliuliza seva ni nini hasa, ni kompyuta au ni mfanyakazi, nikamwambia ni kompyuta ya kawaida iliyokatazwa kulala. Akaihurumia. Aliposikia kwamba mashine ina milango zaidi ya elfu sitini na tano, akauliza ni mwendawazimu gani alijenga nyumba ya namna hiyo. Nikamwambia tutaifunga yote kwa ukuta, tubakize mitatu tu: miwili ya wageni wanaokuja kusikiliza, na mmoja wa sisi wenyewe kuingilia kufanya kazi. Akauliza, wageni wakishakaribishwa, kufuli linaloonekana karibu na jina la tovuti ni la nini. Nikasema lile si la mlango, ni la njiani, ili mtoto anapomsikiliza baba yake mtu mwingine asitege sikio. Hilo alilielewa upesi kuliko wanafunzi wangu wote. Akaandika kwenye daftari lake la zamani la hali ya hewa kwamba kufuli hilo linafanywa upya kila baada ya siku tisini, na kweli hakulisahau hata mara moja.

Swali lililomtesa lilikuwa la wanaobisha. Nilimfundisha kusoma daftari la seva, yale maandishi ambayo mashine huandika yenyewe: nani amekuja, saa ngapi, kafungua nini. Siku ya pili tu akanipigia simu, sauti imepanda. Watu elfu mbili wamebisha ule mlango wetu wa kazi tangu asubuhi, na mashine imewafukuza wote. Kwetu mgeni anayebisha ni mgeni wa Mungu, humwulizi hata jina kabla hajanywa chai, wala hatuna ile ya kumpa jembe siku ya tatu. Nikamwambia hao si wageni, ni wezi, tena si watu, ni mashine za wezi zinazozunguka dunia nzima zikijaribu kila mlango.

"Hata wa kwangu? Mimi nina nini?"

"Hawajui una nini, Shangazi. Wanajaribu tu."

Akasema kwamba hata hivyo si vizuri kumfukuza mtu bila neno. Nilipokwenda kuangalia tovuti yake, nikakuta juu ya orodha ya sauti ameandika: "Wote mnaopita, Mungu awape njia njema." Nikalicheka na hilo pia.

Sasa nifike kwenye nenosiri. Mlango wa kazi una njia mbili za kufungwa. Ya kwanza ni ufunguo, faili refu linalokaa kwenye kompyuta yako tu, ambalo hakuna mwizi awezaye kulibahatisha. Ya pili ni neno unaloliandika. Ufunguo ni bora, nami nilijua, lakini ungenichukua siku nzima ya kumfundisha, na nyasi zilikuwa zinangoja kukatwa. Nikasema kwa sasa tuweke neno, ufunguo tutauweka baada ya kuvuna nyasi. Jina la kuingilia nikaandika mimi mwenyewe, "admin", kwa uvivu mtupu. Kisha nikajifanya mtaalamu. Nikageuza uso ukutani ili nisione anachoandika, nikamwambia: "Chagua neno ambalo hujawahi kulitamka mbele ya mtu yeyote. Na mimi usiniambie."

Aliuliza kama kuandika ni sawa na kutamka. Nikasema hapana, si sawa. Alikaa muda mrefu mbele ya ile mashine, nikasikia vibonyezo vichache, akavuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Mimi nikadhani ni ugeni wa kompyuta.

Nakala nazo nilimwekea. Nilichomeka diski ya pili kwenye mashine ileile, kila sauti ikanakiliwa humo. Nikamwambia diski hiyo inatakiwa kuchomolewa na kukaa nyumba nyingine, nyumbani kwangu kwa mfano, nami nitaijia baada ya nyasi.

Ikawa furaha, na sitaki kuificha. Kila jioni saa kumi na moja, Nurzat akishamtoa mtoto chekechea, daftari la seva lilionyesha namba ya intaneti ya nyumba yao, namba ndefu ambayo Sairakan aliijua kwa moyo. Alizisoma alama za Aidai kama sisi tunavyosoma nyayo kwenye theluji. Leo amesikiliza ya kwanza na ya tano. Leo amekuja mara mbili. Leo kasikiliza ya ishirini na mbili mara sita mfululizo. Hiyo ya ishirini na mbili ndiyo aliyoipenda, kwa sababu ndiyo pekee ambayo Taalai anacheka. Anamtania mama yake alitamke jina la babu, mara moja tu, kisha anacheka mpaka anakohoa. Sairakan aliniambia kwamba siku mtoto aliporudia mara sita, naye aliketi ghalani kwenye gunia la viazi akahesabu pamoja naye.

Ile simu yake ya zamani, iliyokuwa na zile sauti, ilifia kwenye ndoo ya maziwa mwezi wa Agosti. Sairakan hakuhuzunika, sauti zilikuwa mahali pake. Nurzat hakuwa na nakala, aliona ya nini, na mlango uko wazi siku zote.

Nyasi ziliisha. Ikaja harusi ya mpwa wangu. Vikaja viazi. Kisha likaja paa langu bovu, ambalo niliamua kulitengeneza mwaka huo kati ya miaka yote. Sairakan alinikumbusha mara tatu, kwa adabu, mara ya mwisho getini kwangu na mkate wa moto mkononi. Nikamwambia wiki ijayo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hapa aliyengojesha ni mimi, na matumbo yaliyoumia hayakuwa yangu.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, Novemba, nikiwa darasani. Alikuja mwenyewe, kwa miguu, bila kitambaa kichwani. Kwa umri wake, na kwa baridi ile, watoto wote waliacha kuandika.

"Mwalimu," akasema, "nyumba ni tupu."

Niliwaacha wanafunzi nikaenda. Mashine ilikuwa inavuma na kupata moto, inafanya kazi ya mtu mwingine. Wezi waliingia alfajiri kwa mlango wetu wa kazi, bila kuvunja chochote, kwa nenosiri lililo sahihi. Walifuta vyote ili wapate nafasi ya mambo yao. Sauti thelathini na nane hazikuwepo. Nikafungua diski ya nakala, ambayo bado ilikuwa imechomekwa palepale nilipoichomeka mwezi wa Juni. Nayo walikuwa wameisafisha. Nikazima mashine, nikajaribu kila nilichokijua, nikatafuta mabaki kwenye diski zote mbili mpaka mchana. Nilipata vipande vya kelele tu, hata pumzi ya mtu haikutambulika.

Sairakan alikuwa amekaa juu ya gunia lake, mikono mapajani. Sikuwa na ujasiri wa kumtazama, nikauliza swali la kazi. Niliuliza nenosiri lilikuwa nini.

Nikauliza tena, kwa ukali kidogo, kama vile kosa ni lake. Akainuka, akaenda kwenye dirisha dogo la ghala, akalipulizia pumzi mpaka likafanya ukungu, akaandika kwa kidole herufi sita. Zilikuwa za jina Sultan. Kisha akalifuta kwa mkono wa sweta.

Sultan alikuwa baba mkwe wake, mfugaji wa farasi, aliyekufa kabla sijahamia. Nililiona jina lake kila nilipopita makaburini.

"Uliniambia neno ambalo sijawahi kulitamka mbele ya mtu," akasema. "Mimi ninalo moja tu. Miaka arobaini na mbili."

Nilijaribu kueleza. Nilisema kwamba mashine za wezi zina orodha, na orodha hizo zimejaa majina ya watu wa dunia yote, na Sultan ni jina ambalo watu wanaitwa kuanzia kwetu hadi ng'ambo ya bahari. Alinisikiliza kwa makini, kama siku zote. Halafu akauliza swali lake.

"Kwa hiyo walikuwa wanalitaja mlangoni kwangu?"

"Ndiyo, Shangazi."

"Kila siku?"

"Pengine kila siku."

Akatikisa kichwa taratibu. Nikamwambia kosa ni langu, jina la kuingilia ni langu, diski ni yangu, nyasi ni zangu. Sikulia mbele yake, nililia njiani, mtu mzima na koti la kazi. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Kwetu mjukuu mwenyewe alikuwa na jina, na saa kumi na moja jioni angebisha.

Sairakan alirudi jikoni akachemsha mafuta. Kwetu marehemu hukumbukwa kwa harufu ya mafuta na maandazi yanayokaangwa, harufu inawafikia. Alikaanga beseni zima, majirani wakaja wakidhani ni dua ya kawaida ya Taalai, wakasoma, wakala. Walipomaliza, Sairakan akageukia ukuta akaanza kuomboleza kwa sauti, yale maombolezo ambayo mama huimba jeneza likiwa ndani. Wanawake walitazamana. Hakuna aliyewahi kuona mtu akiombolezewa mara mbili. Mimi peke yangu ndimi niliyejua kwamba amekufa tena.

Siku iliyofuata nikaomba ruhusa shuleni. Nilifanya kazi yote ambayo ningefanya Juni. Ufunguo badala ya neno, jina la kuingilia jipya, milango imefungwa, anayebisha vibaya mara tatu anafungiwa nje, diski tatu, moja kwangu, moja kwa dada yake mjini. Ilinichukua siku moja. Siku moja tu, na nyasi zingeweza kungoja.

Jumapili akaniita nisome naye daftari. Namba ya Aidai ilikuwepo, kila siku, saa kumi na moja, na mbele yake mashine imeandika mia nne na nne. Akauliza maana yake, ingawa nadhani alishaijua.

"Maana yake mtu amekuja, mlango umefunguliwa, lakini alichokifuata hakipo."

"Leo amebisha ya ishirini na mbili mara tisa," akasema.

Hapo ndipo alipoamua. Sauti zote thelathini na nane alizijua neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Aliniomba nilete kinasa sauti cha shule, akafunga mlango wa ghala, akaanza kuzisema moja baada ya nyingine, kama Taalai alivyozisema. "Mama, huku mvua. Mama, nimekula, usiniulize nimekula nini. Mama, Aidai ameota jino." Alisema kwa mwendo wa mwanawe, alisimama pale mwanawe aliposimama. Mimi nilishika kinasa na kutazama sakafu. Alipofika ya ishirini na mbili aliinuka. Akatoka nje, nikamsikia akitembea kwenye theluji kutoka ghalani hadi zizini na kurudi. Akaingia, akakaa wima.

"Mama, sema Sultan," akasema kwenye kinasa. "Sema mara moja tu, babu amelala, hasikii. Sultan. Sema, Mama."

Kisha alipaswa kucheka. Alijaribu. Ile niliyoinasa si kicheko, na tuliiacha hivyo kwa sababu hakukubali kurudia.

Tulizipandisha zote zikiwa na majina yaleyale ya faili, ili mtoto abonyeze palepale. Kesho yake jioni tulisimama mbele ya mashine pamoja. Namba ya Aidai ikaja. Akafungua ya kwanza, akaenda moja kwa moja kwenye ya ishirini na mbili. Sekunde kumi na moja. Halafu hakuna kitu tena.

Baadaye Nurzat alipiga simu, analia na kuomba radhi. Mtoto amesema huyu si baba, huyu ni bibi anamwigiza baba, na hataki. Nilidhani Sairakan ataanguka. Aliweka simu mezani polepole.

"Basi anaijua," akasema. "Amekaa nayo miezi mitano na anaijua."

Nikasema hilo ni jambo jema, Shangazi, hilo halijapotea.

"Ndiyo. Yeye anaijua, Mwalimu. Mimi, tangu niziseme zile sauti zake, kila nikimkumbuka nasikia sauti yangu."

Imepita miaka miwili. Seva yake ndiyo salama kuliko zote ninazozijua, nasema hivyo kama mwalimu wa kompyuta. Kila Ijumaa anasasisha programu zake, kila siku tisini anafanya upya kufuli, diski zinazunguka nyumba tatu kwa zamu. Kila asubuhi anasoma daftari la mashine na kunakili kwa mkono kwenye lile la hali ya hewa, safu mbili kwa mwandiko safi. Wanafunzi wangu wakiniuliza maswali ya mwanzo, nawapeleka kwake, na hakuna anayecheka.

Leo nilipita kumpelekea mkate, daftari lilikuwa wazi mezani. Waliobisha: elfu nne mia mbili na kumi. Aidai: hakuna.